Timbo la zamani limejaa maji, vijana wanataka kufuga samaki. Huyu anayesema kuna mionzi asikilizwe au tumwache?

Mtoto_wa_Shela

Waungwana, hamjambo. Naomba msaada kabla Jumamosi haijafika.

Mimi naishi Malindi mjini, lakini kwetu kwa mama ni bara, upande wa Ganze. Kule kuna timbo la zamani, shimo kubwa lililochimbwa kabla sijazaliwa, likaachwa wazi, maji yakajaa. Halikauki hata Januari. Na maji yenyewe ukiyaona utapenda, ya samawati, mawe ya chini unayahesabu. Vijana wameunda kikundi, wamechanga, wanataka kununua vifaranga 2,000 vya tilapia wavimwage mle. Kazi ya kutafuta vifaranga nimetupiwa mimi kwa kuwa niko mjini na nina simu inayofanya kazi.

Juzi kwenye mkutano kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka chuo akasimama, akasema mashimo ya migodi yana madini mazito na mionzi, tusithubutu. Mkutano ukavunjika palepale. Nyinyi mnajua, tangu yale maandamano ya Uyombo mwaka 2024 ya kupinga kinu cha nyuklia, ukitaja mionzi huku kwetu ni kama umetaja jini. Mjomba akasema huyo kijana katumwa na watu wanaolitaka shamba.

Swali langu ni moja. Shimo la mawe tu linaweza kuwa na mionzi? Au ni kusoma kukizidi?

Chapo_Mbili

Ndugu yangu wewe fuga. Wakianza kung'aa usiku mtavua bila karabai.

Mzee_wa_Kaya

Huku kwetu pia tuna shimo kama hilo. Mbuzi wangu wananywa mle miaka kumi na zaidi na hakuna aliyeota pembe ya tatu. Watoto wa siku hizi wakisoma kidogo wanarudi na hofu badala ya cheti.

Mwalimu_Mstaafu

Mtoto wa Shela, nimefundisha kemia miaka 31 na swali lako ni zuri, ila umelianza katikati. Kabla ya kuuliza kama kuna mionzi, niambie: walikuwa wakichimba nini? Shimo la kukatia mawe ya kujengea ni kitu kimoja. Shimo la bati ni kitu kingine. La dhahabu, la risasi (ile metali nzito), la mchanga, kila moja lina mzigo wake. Maji ya shimo ni kama chai, ladha inatoka kwa ulichotia.

Wakati unaenda kuuliza, nikutoe hofu upande mmoja. Mionzi ya asili iko kila mahali. Mwilini mwako wewe mtu mzima muna potasiamu yenye unururifu wa takriban bekereli 4,000, maana yake chembe 4,000 zinavunjika ndani yako kila sekunde, na unalala vizuri. Mtu wa kawaida duniani anapata wastani wa milisiverti 2.4 (kipimo cha mionzi inayoufikia mwili) kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. Kwa hiyo swali si "ipo au haipo". Swali ni kiasi gani, na inaingia mwilini kwa njia gani.

BintiMambrui

Mwalimu shikamoo. Mimi nauza samaki, sijui bekereli. Lakini huku Mambrui pwani kuna ule mchanga mweusi, maji yakirudi unabaki kama mistari ya wanja. Na mwingine unametameta mpaka watalii wanaita dhahabu. Tumecheza humo tangu utotoni. Nao una mionzi?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba binti. Ule unaometameta ni ulanga, hauna habari. Ule mweusi ndio wenye hadithi. Mto Sabaki unabeba udongo kutoka mbali bara, ukifika baharini mawimbi yanaupepeta kama wewe unavyopepeta mchele: chembe nyepesi zinachukuliwa, nzito zinabaki. Hizo nzito ni ilmenaiti yenye titani, pamoja na zirikoni, rutaili, na wakati mwingine monazaiti kidogo. Ndiyo maana miaka ya 1990 Mambrui ilikuwa kwenye orodha ya sehemu zilizotafutwa titani hapa pwani, pamoja na Kwale ambako mgodi ulifunguliwa kweli ukafanya kazi mpaka Desemba 2024.

Zirikoni na monazaiti ndizo zinazobeba urani na thoriamu, metali zenye mionzi, ndani yake. Lakini zimefungwa ndani ya chembe ngumu kama kioo, haziyeyuki majini kwa urahisi. Kutembea juu yake na kuogelea si tatizo. Kilima cha Mrima kule Kwale kina thoriamu nyingi kuliko kawaida kwa asili yake, msitu wa kaya uko juu yake na Wadigo wameishi pembeni yake vizazi na vizazi. Tatizo linakuja binadamu anapochimba, anapokusanya kile kizito mahali pamoja, anasaga, vumbi linaruka, kisha anaacha shimo.

Nahodha_Amu

Hapo kwa kukusanya ndipo pangu. Yakhe, mimi ni mtu wa Amu, baharini nimetoka kitambo, lakini kabla ya kurudi nyumbani nilikaa Malaysia miaka minne, mji wa Ipoh, jimbo la Perak. Nilikuwa karakana ya injini za mashua. Nikuelezeni nilichokiona maana wenzetu hawa mambo ya maziwa ya migodi wameyajua kabla yetu.

Bonde lile linaitwa Kinta. Zamani lilikuwa kitovu cha bati la dunia. Bati lao halikuwa ndani ya mwamba, lilikuwa kwenye changarawe na mchanga wa bondeni, kwa hiyo walichimba kwa kurusha maji kwa nguvu na pampu, au kwa mitambo mikubwa inayoelea inayokula ardhi mbele na kutema nyuma. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Pampu zikizimwa maji ya ardhini yanapanda. Ukiruka na ndege juu ya Perak na Selangor unaona vipande vya vioo vimetawanyika, nchi nzima yana zaidi ya 4,000 maziwa hayo.

Na hawakuyaacha kama sisi. Mengine wamejenga bustani. Mji wa Taiping kuna bustani ya ziwa tangu 1880, wazee wanatembea asubuhi, miti imeinama majini, huwezi kudhani palikuwa mgodi. Karibu na Kuala Lumpur kuna mahali pa kuogelea pa kulipia, watoto wanateleza kwenye mabomba, chini yake ni shimo la bati. Mengine watu wanafuga tilapia, bata, wanalima mboga za majini. Mimi nimekula samaki wa maziwa yale si mara moja. Kwa pilipili yao.

Sasa sikilizeni. Jirani yangu pale, mzee wa Kichina, baba yake alikuwa mchimbaji. Alikuwa anavua kila Jumapili lakini ziwa moja nyuma ya kiwanda hakuwa akilisogelea. Nikamuuliza, akasema neno moja: *amang*. Ndiyo mchanga mweusi unaobaki bati likishatolewa. Ilmenaiti, zirikoni, monazaiti, yote yale mwalimu ameyataja. Zamani waliumwaga tu. Baadaye wakagundua una bei, wakajenga viwanda vya kuuchambua, na maji ya kuoshea yakarudi kwenye ziwa la jirani. Kwa hiyo maziwa mawili, shimo moja aina moja, maji rangi moja, hili wanakula samaki wake na hili mtu mwenye akili anapita mbali. Tofauti ni kilichomwagwa ndani *baada* ya uchimbaji.

Na mchanga ule si mchezo. Pale pale Perak, sehemu inaitwa Bukit Merah, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha monazaiti kutoa madini adimu, taka zake zikiwa na thoriamu. Wenyeji walikwenda mahakamani, wakapambana miaka, kikafungwa 1994.

Chapo_Mbili

Nahodha mara hii umeniogopesha kwa adabu. Natoa utani wangu.

Mwalimu_Mstaafu

Ahsante nahodha, hiyo ya maziwa mawili ningependa kila mtu aisome mara mbili.

Niongeze la karibu zaidi na sisi. Nigeria, uwanda wa juu wa Jos, walichimba bati vilevile enzi za Mwingereza, wakaacha mabwawa. Kiangazi wakulima wanavuta maji ya mabwawa yale kwa pampu kumwagilia nyanya na viazi. Maji yanawafaa sana, bila hayo hawana kilimo cha kiangazi. Lakini mchanga uliobaki kando ya migodi una monazaiti na zirikoni, na watu waliuchota kujengea nyumba. Hapo sasa mtu analala na mionzi ukutani miaka yote, na radoni, gesi yenye mionzi, inatoka kwenye kuta na sakafu. Ukiniuliza, ule ukuta unanitisha kuliko lile bwawa.

Mlinzi_Jozi

Niko Afrika Kusini mwaka wa nane. Huku magharibi ya Johannesburg dhahabu ilichimbwa zaidi ya miaka mia, na mwamba wa dhahabu huku una urani ndani. Migodi ikafungwa, pampu zikazimwa, na mwaka 2002 maji yenye tindikali yakaanza kufurika kutoka kwenye shimo la zamani upande wa Randfontein. Kuna ziwa pale linaitwa Robinson, zamani watu walikwenda kustarehe na kuvua. Limetangazwa eneo la mionzi. Kwa hiyo kijana wa chuo hajaota, mambo haya yapo.

Mtoto_wa_Shela

Nimerudi. Jana nilipanda matatu mpaka kwa mjomba, nikalala huko. Nimekaa na wazee wawili waliofanya kazi pale ujanani.

Hawakuwa wanachimba mawe ya kujengea! Sisi wote tulidhani hivyo. Mzee mmoja akasema walikuwa wanatoa "jiwe jeupe zito". Akasema kipande cha ukubwa wa nazi ukikinyanyua mkono unashuka, unashangaa kwa nini jiwe lina uzito wa chuma. Na ndani ya lile jeupe kulikuwa na mishipa ya jiwe jingine la kijivu, linang'aa kama bati jipya, ukilipiga linavunjika vipande vya pembe nne kama sukari ya bonge. Watoto walikuwa wakiyachukua yale ya kung'aa kuchezea. Ninavyoandika hivi kiko kimoja juu ya kabati la nyanya yangu, kama pambo.

Mwalimu_Mstaafu

Kitoe hicho kipande nyumbani kwa nyanya. Usisubiri kumaliza kusoma.

Umenipa jibu bila kujua. Jiwe jeupe zito ni baraiti. Linazidi maji uzito mara nne na nusu, na linatumika kwenye tope la kuchimbia visima vya mafuta. Lile la kijivu linalovunjika pembe nne ni galena, uzito wake mara saba na nusu ya maji. Galena ni mawe ya risasi. Risasi na kiberiti, basi. Na eneo lenu linajulikana kwa hayo: Vitengeni iko kwenye vitabu vya jiolojia kwa risasi na baraiti, na Kinangoni, Kilifi hiihii, kulichimbwa risasi na fedha.

Kwa hiyo kijana wenu wa chuo amepatia nusu. Mionzi katika mawe ya namna hii si jambo la kwanza la kuogopa. Kitu kimoja tu: radiamu, metali yenye mionzi, inapenda kujificha ndani ya baraiti kwa sababu tabia yake inafanana na bariamu, metali iliyomo kwenye baraiti, kwa hiyo kupima si vibaya. Lakini neno lililovunja mkutano wenu lilikuwa mionzi, na wakati mnagombania mionzi, risasi imekaa kimya juu ya kabati.

BintiMambrui

Mwalimu, lakini maji ni safi! Amesema anahesabu mawe chini.

Mwalimu_Mstaafu

Binti, hilo ndilo linaloniudhi kuhusu mashimo ya migodi. Kisima cha kijani chenye vyura angalau unajua kuna kitu kinaishi. Maji ya shimo la mgodi yakiwa angavu kupita kiasi, mimi naanza kuuliza kwa nini hakuna kinachoota humo.

Galena, na ndugu yake anayeitwa pairaiti ambaye ana chuma pia, yana kiberiti (salfa). Mwamba ukiwa chini ardhini haupati hewa, umelala. Ukiufungua, hewa na maji vinaufikia, na kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo tu ya kula chuma na kiberiti. Inatoka asidi ya salfa, ile ya betri. Asidi inayeyusha madini mengine mwambani: shaba, zinki, kadimiamu, aseniki. Pia inaua mwani na kufanya udongo unaoelea utuame chini. Ndipo unapata maji ya samawati ya kupiga picha. Kule Butte, jimbo la Montana Marekani, kuna shimo la shaba ambalo pampu zilizimwa 1982 likajaa. Mwaka 1995 kundi la bata bukini lilitua usiku wa dhoruba, wakaokotwa mizoga 342. Maji yalikuwa yanaonekana ziwa kama maziwa mengine.

Sisemi shimo lenu limefika huko. Kama kuna mawe ya chokaa karibu, yale yanaua asidi, kama mtu anavyomeza magadi kwa kiungulia. Mnunue karatasi za kupimia asidi, ni za bei ndogo, mchovye. Ikisoma kati ya 6.5 na 8.5, asidi haipo; ikishuka chini ya hapo, ipo. Lakini asidi kutokuwepo hakumaanishi risasi haipo. Inamaanisha imelala kwenye tope.

Mzee_wa_Kaya

Kwenye tope haitusumbui basi. Samaki anaogelea majini.

Nahodha_Amu

Mzee wangu, heshima yako. Kambare hula wapi?

Mzee_wa_Kaya

Hao walisema tilapia.

BintiMambrui

Hata tilapia ami, mimi nawapasua kila siku, tumboni mna tope tele. Akitaga anachimba chini kwa mdomo. Na konokono wakimaliza maisha yao topeni bata anawala.

Mwalimu_Mstaafu

Umejibu vizuri kuliko kitabu. Risasi ndani ya samaki haikai sana kwenye nyama, inakaa kwenye mifupa, matamvua, ini na ngozi. Mzungu anayekula mnofu mtupu anapata kidogo. Sasa sisi tunakula vipi? Tilapia mdogo anakaangwa mzima mpaka mifupa inatafunika, kichwa kinapikwa supu ya mtoto. Tunakula palepale ilipo. Zebaki ndiyo inayokaa kwenye nyama, lakini hiyo ni ya machimbo ya dhahabu.

Radiamu nayo inafuata njia ya kalisi, mifupa na magamba ya konokono. Thoriamu haitaki maji kabisa, inang'ang'ania tope. Urani ndiyo inayosafiri majini. Kila kimoja kina tabia yake kama wapangaji wa nyumba moja, huwezi kuwauliza swali moja wote.

Nesi_wa_Usiku

Samahani kuingilia, nimetoka zamu sasa hivi. Mimi ni muuguzi, Malindi. Nataka tuache samaki kidogo tuongee watoto.

Risasi haina kiwango salama kinachojulikana, Shirika la Afya Duniani limesema hivyo. Na mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile na mtu mzima, mwili wake unachukua mara nne mpaka tano zaidi. Haimuui hapohapo, ndiyo ubaya wake. Anakuwa mzito darasani, damu inapungua, hasira hazina sababu, tumbo linauma, tunampa dawa ya minyoo anarudi nyumbani. Hakuna atakayesema ni shimo.

Kule Zamfara, kaskazini ya Nigeria, mwaka 2010 walikufa watoto zaidi ya 400. Wazazi walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi uani, kuku na watoto humohumo. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na mpaka leo watoto wanacheza kwenye mavumbi yake.

Na jambo jingine ambalo wanaume wa jukwaa hili hamtalifikiria. Wajawazito wanakula udongo. Odowa ya sokoni inajulikana, lakini bara wengine wanachimba wao wenyewe, na udongo laini wa kando ya shimo la maji ndio wanaoupenda. Risasi inavuka kwa mtoto tumboni. Hata ile aliyokula yeye akiwa msichana, iliyojificha mifupani, inatoka wakati wa mimba. Mama asiye na chuma na kalisi ya kutosha mwilini ndiye anayeinyonya zaidi. Mtoto wa Shela, ulizia hilo. Waulize kina mama, wazee hawatajua.

Mtoto_wa_Shela

Nimempigia dada yangu simu. Kanyamaza kidogo, kisha kasema "kwani nani kakuambia?"

Basi.

Chapo_Mbili

Duh.

Mama_Wawili

Maji yakichemshwa je? Sisi tunachemsha ya kunywa siku zote.

Mwalimu_Mstaafu

Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haifi kwa moto. Maji yanapungua kwa mvuke na risasi inabaki ileile, kwa hiyo unaikoleza. Shabu na mbegu za mlonge zinashusha tope, na risasi iliyoshikamana na tope itashuka nalo, lakini iliyoyeyuka inaweza kubaki. Usitegemee hilo kwa maji ya kunywa. Chota maji kwingine.

Mzee_wa_Kaya

Mimi bado nauliza kuhusu mbuzi. Mnasema sumu, sumu, lakini mnyama ananywa kila siku na ana afya kuliko mimi. Nionyesheni mbuzi aliyekufa.

Nesi_wa_Usiku

Mzee, kwa heshima. Mbuzi wako unamchinja akiwa na umri gani?

Mzee_wa_Kaya

Mwaka, mwaka na nusu. Wa Idi miaka miwili.

Nesi_wa_Usiku

Naam. Huwapi nafasi ya kuugua. Wewe unaishi miaka mingi. Na yule mbuzi, ini na figo zake nani anakula?

Mzee_wa_Kaya

Mimi.

Mtoto_wa_Shela

Nisaidieni sasa la kufanya. Kikundi kimeshalipa nusu ya pesa za vifaranga na wanaona mimi ndiye ninayewarudisha nyuma. Nipime nini, wapi?

Mwalimu_Mstaafu

Usipime maji peke yake. Watu wengi hukosea hapo: wanachota chupa moja juujuu pembeni, majibu yanakuja mazuri, wanasherehekea. Tope ndilo daftari la shimo, limeandika miaka yote.

Chukua hivi. Maji sehemu tatu, juu na karibu na chini, kwenye chupa mpya za plastiki ulizozisuuza kwa maji yaleyale, moja waambie maabara wakutilie asidi mapema ili metali zisigande kwenye chupa. Tope la chini, sehemu tatu, kila moja mfuko wake, kwa kijiko cha plastiki na siyo jembe la chuma. Udongo wa pale kina mama wanapochimba. Udongo mmoja kutoka mbali, shambani, wa kulinganisha, maana huku kwenu hata udongo wa kawaida unaweza kuwa na risasi juu kidogo na bila kulinganisha utalaumu shimo bure. Andika tarehe na mahali kwenye kila kimoja.

Omba wapime risasi, kadimiamu, zinki, aseniki, bariamu na asidi. Kwa maji ya kunywa, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 10 kwa aseniki, 3 kwa kadimiamu, na urani 30. Mionzi wanaanza kwa jumla ya aina zake mbili: alfa isizidi bekereli 0.5 kwa lita, beta isizidi 1. Ikipita hapo haimaanishi sumu, inamaanisha waendelee kuchambua ni kitu gani. Ofisi ya mkemia wa serikali ina tawi Mombasa, anzia huko. Upande wa mionzi tunayo mamlaka ya udhibiti wa nyuklia kwa sheria ya 2019. Na kijana wenu wa chuo mpelekeni yeye, vyuo vina vifaa, huo ni mradi wa mwaka wake wa mwisho umejileta wenyewe. Mkutanoni mlimfukuza, sasa mkambembeleze.

Nahodha_Amu

Na pesa za vifaranga zisipotee yakhe. Chimbeni bwawa dogo pembeni ya nyumba, mtandike karatasi nzito ya nailoni, mtie maji ya mvua. Vifaranga 2,000 hawaingii, lakini 500 mwanzo mwema. Kule Perak nimewaona wanaofuga hivyo hatua chache tu kutoka kwenye ziwa la bati.

Mama_Wawili

Hamjagusa moja. Shimo la mgodi halina ufuko. Unakanyaga, unakanyaga, mara hakuna chini. Huku kwetu tumezika mtoto wa darasa la tatu, na hilo halikuwa na risasi wala mionzi, lilikuwa timbo la mawe tu. Samaki au bila samaki, zungusheni ua.

Mtoto_wa_Shela

Pole sana mama. Umesema kweli.

Taarifa ya leo. Jumamosi hatukwenda kununua vifaranga. Tulikata miiba ya mgunga tukazungusha upande ambao watoto hushukia, upande wa pili bado. Kijana wa chuo, tumemwomba radhi, akacheka, akaja na chupa na mifuko kutoka kwa mhadhiri wake. Karatasi ya asidi ilisoma 6 kasoro, mwalimu nitakutumia picha. Nilichota tope kwa mwiko wa plastiki wa nyanya, na nyanya hataki kuurudisha jikoni, nimemnunulia mwingine. Lile jiwe liko ndani ya kopo la rangi lenye kifuniko, litakwenda na sampuli nyingine Mombasa keshokutwa. Nyanya alilia kidogo kulitoa. Babu ndiye aliyempa.

Mjomba bado anasema tumetumwa.

Mwalimu_Mstaafu

6 kasoro. Hm. Rudieni kupima asubuhi, sehemu ya kina, kisha tuongee. Na nyanya mpeleke apimwe damu, pamoja na dada yako.

Mzee_wa_Kaya

Mbuzi wa Idi nimemfunga kamba nyuma ya nyumba. Anakunywa maji ya bomba, ya kununua, shilingi ishirini mtungi. Mke wangu ananicheka.